Mgonjwa Adharauliwaye Mara Mbili

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kutiwa katika kitabu hiki kwa amri ya Kamati



Desturi yetu ni karani kusimama mbele yenu mara moja kwa mwaka, akasoma hesabu za Mfuko wa Wagonjwa, akaulizwa maswali mawili matatu juu ya senti, kisha akaketi. Mwaka huu Kamati imenitaka nisimame mara ya pili, niseme juu ya jambo ambalo liliishinda Kamati katika vikao vitatu. Najua wengi wenu mmekwisha kulisikia kwa minong'ono nje ya lango. Heri mlisikie humu ndani, kwa sauti, na mbele ya watu wenye haki ya kunisahihisha.

Mzee mmoja miongoni mwetu alileta ombi la mkopo kwa ajili ya mwanawe aliyeko Marekani, ambaye wakati ule alikuwa amelazwa hospitalini hajiwezi. Ombi lilikuwa sawa kwa kila kanuni. Mzee hana deni la michango, na fomu aliijaza kwa mkono wake mwenyewe. Ila katika swali la nne, liulizalo "Sababu ya ugonjwa," aliandika: "Sijui, wala sitamwuliza." Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja wetu akasema amesikia kwamba kijana yule haishi kama wanaume wengine waishivyo. Mwingine akasema kwamba kama ni hivyo, basi ugonjwa ameutafuta mwenyewe. Wa tatu akauliza kama ni haki fedha za wajane ziende huko. Nami, kwa kuwa ndiye mwandishi wa kumbukumbu, niliyaandika yote, na mkono wangu haukutetemeka. Kikao kikaahirishwa, na cha pili, na cha tatu. Kabla ya cha nne Mzee aliuza ng'ombe wawili, akaondoa ombi lake, na tangu siku hiyo hulipa mchango wake kwa kumtuma mjukuu.

Kijana yu hai, na ameanza kazi tena. Baada ya kutoka hospitali aliniandikia barua ndefu, maana tulisoma pamoja katika shule ya misheni, yeye akiwa nyuma yangu madarasa matatu. Na ameniruhusu niyaseme yaliyomo mradi nisimtaje jina wala mji. Naam, asema, yeye ni mwanamume apendaye wanaume, na ugonjwa wake ni virusi vya UKIMWI. Aliugua miezi minane kabla ya kulazwa. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, akiiona kutoka dirishani mwake. Aliingia humo mara moja tu. Karani wa pale akamwuliza maswali ya karatasi kwa sauti ya kusikiwa na chumba kizima, akamtazama tangu viatu hata kichwa, akarudia swali moja ambalo alikuwa amekwisha kujibiwa. Kijana akasema amesahau kitambulisho ndani ya gari, akatoka, hakurudi. Gari lenyewe hakuwa nalo.

Niliposoma hayo niliona haya, Mabwana, wala si kwa ajili yake. Ninyi mwajua kwamba kazi yangu ya mchana ni ukarani wa dirisha la kadi katika hospitali, mwaka wa kumi na moja sasa. Katika miaka yangu ya mwanzo alikuja kijana mmoja mwenye shati safi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana kidonda mahali pa siri, na kwamba yaliyobaki atamwambia daktari. Nikampazia sauti: "Sema ugonjwa wako, foleni ni ndefu!" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Akaikunja karatasi yake mara nne, akaenda zake, na kadi yake ikakaa katika sanduku la wasioitika mpaka mwisho wa mwaka. Hakuna daktari aliyemnyima dawa. Alinyimwa na mtu wa dirishani asiyejua hata kufunga bendeji.

Kabla sijaendelea, neno moja juu ya majina. Watu wa namna hii wana majina ya mtaani, nanyi nyote mwayajua, hata watoto wayajua. Sitayatumia. Nitasema "wanaume wapendao wanaume," ijapokuwa ni maneno marefu, kwa sababu jina fupi lilitungwa ili lirushwe kama jiwe.

Barua ile ilinituma kutafuta habari za watu weusi wa Marekani, ambao kijana wetu sasa ahesabiwa miongoni mwao, apende asipende; maana polisi wa huko haulizi kama umezaliwa Alabama au umezaliwa kwetu. Nilitaka kujua kwa nini mtu mwenye akili, aliyesoma, akae miezi minane akiitazama zahanati. Nalidhani nitakuta habari za ujinga au za uzembe. Nikakuta habari nyingine kabisa.

Kwanza ni ile ya Tuskegee. Katika mwaka 1932 Idara ya Afya ya Serikali ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi 600 katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, wengi wao wakulima maskini. Watu 399 kati yao walikuwa na kaswende, na 201 hawakuwa nayo. Waliougua hawakuambiwa jina la ugonjwa wao, waliambiwa tu kwamba wana "damu mbaya." Makusudi yalikuwa kuona jinsi kaswende inavyomla mtu mweusi asipotibiwa. Katika miaka ya 1940 penisilini ikajulikana kuwa dawa ya kuiponya, nao wakanyimwa. Na sasa sikilizeni, enyi watu wa chama cha kuzikana: ili wakubali, walipewa chakula cha moto siku za kupimwa, na wakaahidiwa kulipiwa gharama za maziko, kwa sharti kwamba maiti zao zipasuliwe. Kwa mtu maskini, kuzikwa kwa heshima ni jambo kubwa. Wale waganga walilijua hilo, wakalifanya chambo. Mambo hayo yaliendelea miaka 40, hata yalipotolewa katika magazeti mwaka 1972. Rais Clinton aliwaomba radhi wachache waliosalia katika mwaka 1997.

Wale walionyimwa dawa walikuwa na wana na wajukuu. Basi mzee wa Alabama anapomwambia mjukuu wake asimwamini sana daktari, yeye hana ujinga, ana kumbukumbu.

Tarehe 5 Juni 1981 ikatoka taarifa fupi ya Serikali juu ya vijana watano wa Los Angeles, wote wanaume wapendao wanaume, waliopatwa na homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Huo ndio mwanzo wa UKIMWI katika maandishi. Kwa muda mrefu magazeti ya huko yaliuonyesha kuwa ugonjwa wa wanaume weupe wa mijini, na wanaume weusi waliokuwa wakifa nao hawakuonekana. Hawakuonekana kwa weupe kwa sababu ni weusi. Na mara nyingi hawakuonekana kwa weusi wenzao kwa sababu ya yule wampendaye. Maiti walizikwa na makanisa yao kwa nyimbo nzuri, na katika tangazo la kifo ikaandikwa kuwa ni saratani. Nadhani hata sisi twafahamu kuandika matangazo ya namna hiyo.

Katika mwaka 2016 idara ya Serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa ilitoa hesabu iliyowashtua wengi. Kama mambo yangeendelea kama yalivyokuwa, ilisema, mwanamume mweusi mmoja katika kila wawili wapendao wanaume angeambukizwa virusi hivyo katika maisha yake. Kwa wanaume weupe wa hali hiyo hiyo ilikuwa mmoja katika kila 11. Mmoja katika kila wawili! Tukihesabu viti vya humu, ni kusema kiti hiki ndiyo, kile siyo, kiti hiki ndiyo, kile siyo.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, najua neno ambalo wengine wanalo ulimini, maana lilisemwa katika Kamati: kwamba watu hao wana tabia mbaya kupita wenzao. Jambo hili limechunguzwa. Katika mwaka 2006 mtaalamu Gregorio Millett na wenzake walizikusanya tafiti nyingi wakazilinganisha, na hawakuona kwamba wanaume weusi wa Marekani wapendao wanaume wana mwenendo wa hatari zaidi ya wale weupe. Katika mwaka 2012 wakachunguza tena, wakakuta tofauti mahali pengine: weusi hawana bima ya afya kama weupe, na hata wakikutwa na virusi hawafikiwi na dawa kwa kadiri ile ile. Na mtu asiyepata dawa huwa na virusi vingi mwilini, akaambukiza kwa wepesi. Na kwa kuwa watu hupendana na walio karibu nao, moto ukiwaka katika nyumba moja huishika ya jirani. Kwa hivi watu wawili wanaweza kuishi sawasawa, mmoja akaugua na mwingine asiugue, na kilichowatenga kikawa ni dirisha la karani na karatasi ya bima.

Juu ya bima nitapita upesi. Sheria ya mwaka 2010 ya Rais Obama, ambaye ukoo wake twaujua, iliyapa majimbo njia ya kuongeza bima ya Serikali kwa maskini. Majimbo mengi yalikubali. Baadhi ya majimbo ya kusini, ambako watu weusi ni wengi, yalikataa. Iko pia sheria ya mwaka 1990 iliyopewa jina la mtoto Ryan White, ambayo hulipia matibabu ya wenye virusi wasio na bima. Kijana wetu alitibiwa kwa fedha hizo. Yaani fedha zilikuwapo miezi yote minane. Hakujua, kwa sababu aliyepaswa kumwambia ndiye aliyemtazama viatu.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya dharau yenyewe, maana nimeona kwamba ni ugonjwa wenye dalili zake. Mtu mweusi wa Marekani huijua dharau ya rangi tangu utotoni, na huwa na mahali pa kuipeleka: nyumbani kwa mama, kanisani, kwa wenzake wanaoijua. Mama humwambia, "Usijali, mwanangu, sisi ni watu." Lakini yule apendaye wanaume hudharauliwa mara ya pili, na dharau hii ya pili humngoja pale pale alipokuwa akikimbilia: nyumbani na kanisani. Na akienda kwa wanaume weupe walio kama yeye hukuta dharau ya kwanza imetangulia imekaa kitini. Basi hana kituo. Na mtu asiye na kituo huanza kuyaamini yasemwayo juu yake. Haendi kupimwa kwa sababu moyoni amekwisha kujihukumu, na haoni haja ya kufuata hati ya hukumu.

Walakini wako waliosimamiwa. Wazee mnaokumbuka mambo ya mwaka 1963 mtakumbuka maandamano makubwa ya Washington ya tarehe 28 Agosti, ambako Dr. King alihutubia watu wapatao 250,000. Aliyeyapanga, tangu mabasi hata maji ya kunywa, alikuwa Bayard Rustin, naye alikuwa mwanamume apendaye wanaume. Alikuwa amefungwa kwa ajili hiyo huko Pasadena katika mwaka 1953. Majuma machache kabla ya maandamano, seneta mmoja aitwaye Strom Thurmond alisimama katika Baraza la Seneti akamtangazia aibu hiyo, ili maandamano yavunjike. Mkuu wa maandamano alikuwa mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya gari moshi. Ninyi mliofanya kazi Reli mtampenda. Mzee Randolph hakuitisha vikao vitatu. Aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba anamwamini Rustin, na kazi ikaendelea. Rustin alifariki mwaka 1987. Katika mwaka 2013 alipewa nishani kubwa ya taifa, na katika mwaka 2020 Gavana wa California akampa msamaha rasmi juu ya ile hukumu ya Pasadena. Karani huwa na macho ya kuona makarani wenzake, nami nimemtaja kwa sababu hiyo pia.

Katika Los Angeles alikuwako Carl Bean, mwimbaji aliyekuwa mchungaji. Katika mwaka 1985, watu weusi walipokuwa wakifa bila wa kuwatazama, alianzisha shirika la kuwahudumia weusi na watu wengine wa makabila madogo wenye UKIMWI, liitwalo Minority AIDS Project. Tena ndiye aliyeanzisha kanisa lililowapokea. Alifariki mwaka 2021.

Nayataja hayo ili mwone kwamba zipo njia za kusaidia ambazo watu wamekwisha kuzijaribu. Mbili zimenivutia kuliko nyingine.

Ya kwanza ni ya msindikizaji. Tangu mwaka 2012 Marekani imekubali kidonge ambacho mtu asiye na virusi hukimeza ili asiambukizwe. Na tangu mwisho wa mwaka 2021 iko pia sindano ya kinga ya kila miezi miwili. Kwetu Kenya kidonge hicho kilianza kutolewa kwa mpango wa Serikali katika mwaka 2017. Wengi walisema wanaume weusi hawatakitaka. Basi watafiti wakawaendea wanaume weusi 226 katika Washington, Los Angeles na Chapel Hill. Hawakuwapa hotuba. Kila mmoja alipewa mtu wa kukaa naye na kumwuliza: wewe mwenyewe unahitaji nini? Mmoja akasema kazi, mwingine nyumba, mwingine mtu wa kumsemea penye sheria. Wakasaidiwa hayo, na kidonge kikawekwa mezani pamoja na mengine, akitaka achukue, asipotaka aache. Kati ya 226, watu 178 walikichukua. Hao ndio walionenwa kuwa hawataki dawa!

Njia ya pili ni ya kikundi. Watafiti wa shirika la RAND pamoja na wahudumu wa APLA Health, huko huko Los Angeles, walitunga mafunzo yaitwayo Still Climbin', maana yake "Bado Napanda," kwa wanaume weusi wapendao wanaume. Huketi pamoja kama sisi tukaavyo hapa, na somo lao ni namna ya kuishi na dharau bila kuimeza. Nitawapeni mfano wangu mwenyewe, kwa jinsi ninavyoyafahamu mambo hayo. Tuseme mtu asimulia kwamba mwuguzi alivaa glavu jozi mbili kabla ya kumgusa. Wenzake hawamwambii, "Labda hukuona vizuri." Waulizana: Uliposhuka ngazi ulijiambia nini? Atajibu, "Nilijiambia mimi ni uchafu." Tena: Ulipofika nyumbani ulifanya nini? "Nilikunywa pombe siku mbili, na dawa nikaziacha." Basi hufundishwa kulitenga tendo la mwuguzi na thamani yake mwenyewe, kama mtunza hazina atengavyo vitabu viwili vya hesabu. Kisha huchagua: neno hili nitalipita, hili nitalijibu kwa maneno matatu ya adabu, hili nitalishtaki kwa mkubwa wa zahanati. Hata maneno yenyewe huyafanyia mazoezi, mmoja akiwa karani na mwingine mgonjwa. Nimecheka kidogo peke yangu nikifikiri ni nani angeigiza karani kwa ustadi kuniliko mimi.

Mtu atasema, kwa nini mdharauliwa ndiye afundishwe, na si mwenye kudharau? Ni kweli, na nimelifikiri sana. Wenye madirisha tufundishwe kwanza. Lakini mgonjwa wa leo hawezi kungoja mpaka makarani wote watubu.

Na faida ya kumfikisha mtu kwenye dawa si yake peke yake. Mwenye virusi akimeza dawa kila siku, virusi hupungua hata kipimo kisivione. Na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya mapenzi. Uchunguzi mmoja wa Ulaya uliotolewa mwaka 2019 ulifuata jozi karibu 800 za wanaume, mmoja mwenye virusi na mwenziwe asiye navyo, wala hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe aliyetibiwa hivyo. Kwa hiyo yule aliyeuliza juu ya fedha za wajane nitamjibu kwa heshima kwamba mgonjwa aliyefukuzwa dirishani ndiye aletaye gharama.

Nirudi nyumbani. Sitaki mtu aseme kwamba Karani amekitia Chama katika ugomvi na sheria. Sheria ya adhabu ya Kenya ina vifungu vya 162 na 165, na Mahakama Kuu ilipoviangalia, tarehe 24 Mei 2019, haikuvifuta. Wenye imani yao juu ya mambo hayo wabaki nayo. Mkutano huu hauwezi kuyakata, wala sikuuomba. Lakini Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, haikusema "isipokuwa fulani." Na kanuni za Chama chetu, ambazo wazee walioketi mstari wa mbele walizitunga kabla mimi sijajua kusoma, zasema kwamba Mfuko ni kwa ajili ya "mwanachama au mtoto wake aliye mgonjwa." Nimezisoma tangu jalada hata jalada. Swali la nne halimo katika kanuni. Nimepekua majalada ya zamani nikaona lilitiwa katika fomu na karani mmoja aliyenitangulia, kwa kuwa aliinakili kutoka fomu ya kampuni moja ya bima. Kwa muda wote huo tumekuwa tukiwauliza wagonjwa wetu swali la kampuni.

Basi Kamati imeniruhusu kuleta mbele yenu maombi haya. Swali la nne litolewe, na mahali pake pawe na sahihi ya daktari tu kwamba mtu huyu ni mgonjwa. Katika kumbukumbu iandikwe namba ya mwanachama na kiasi cha fedha, pasiandikwe maneno mengine, na kitabu kikae katika kasha la Mtunza Hazina lenye kufuli. Kisha wachaguliwe wanachama wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wenye kujulikana kwa kutunza siri, ili mgonjwa yeyote aogopaye kwenda hospitali peke yake, kwa sababu yoyote iwayo, aweze kumwita mmoja wao akaketi naye katika foleni. Hatamwuliza neno. Atabeba mwavuli na chupa ya maji, na penye dirisha atasimama karibu naye. Mimi naomba nisiwe mmoja wa hao wanne, maana niko upande wa pili wa dirisha. Huko nimekwisha kuanza kuwaambia watu waniandikie ugonjwa wao kwa kalamu badala ya kuusema.

Tena liko ombi la mwisho, ambalo ni langu mwenyewe wala si la Kamati. Mzee wetu aliuza ng'ombe wawili kwa sababu vikao vyetu vilichelewa. Mkopo wake ungalikubaliwa kikao cha kwanza kama swali lile lisingalikuwapo. Naomba mkutano huu uuidhinishe leo, ijapokuwa hakuuomba tena, na wazee wawili wampelekee kwake kwa miguu yao.

Fomu mpya nimekwisha kuzichapa nakala 50. Ziko mezani pa Mtunza Hazina, karibu na mlango. Na za zamani ziko chini ya meza, ndani ya sanduku, mkiamua zitumike kuwashia moto wa chai.